Krediti kupokelewa si krediti kuhesabika: mwongozo kamili wa kuhama chuo Marekani

Mwanafunzi anayehama chuo kimoja cha Marekani kwenda kingine huwa na swali moja: "Mtazipokea krediti zangu?" Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi uliyofaulu. Mara nyingi hujibiwa ndiyo, akaondoka amefurahi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Chuo kinaweza kupokea karibu krediti zote 60 ulizoleta, zikaonekana kwenye rekodi yako, kisha ukaambiwa bado unadaiwa hisabati, sayansi yenye maabara na historia. Ulizoleta zimepokelewa, lakini nyingi zimewekwa kwenye fungu la kozi za hiari ambalo tayari limejaa. Swali la kuuliza ni hili: "Kila kozi yangu itatimiza sharti lipi la digrii yangu?" Uliza hivyo tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, na usichoke kuuliza.

Hasara hii si ndogo. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Kwa anayefanya kazi zamu ya usiku ili alipe ada, hiyo ni miaka ya jasho.

Kwanza, masomo ya jumla ni nini

Sisi tuliokulia kwenye mfumo wa Afrika Mashariki huchaguliwa kusoma sheria, tukaanza sheria wiki ya kwanza. Aliyetoka Kidato cha Sita na PCB (fizikia, kemia na biolojia) hatarajii tena kuulizwa historia. Marekani haiko hivyo. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na katika vyuo vya umma vya majimbo mengi krediti 36 hadi 42 kati ya hizo ni masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi asilia, sayansi ya jamii, fasihi na sanaa, pengine na utamaduni wa watu mbalimbali. Mhandisi anayasoma, muuguzi anayasoma, mhasibu anayasoma. Zinazobaki ni kozi za fani yako, pamoja na zile zinazopaswa kutangulia fani, kisha kozi za hiari.

Habari njema ni kwamba masomo ya jumla ndiyo yanayohamishika kirahisi kuliko mengine yote, ukiyachukua kwa mpango.

Hatua ya kwanza: jua unakokwenda kabla hujasajili kozi

Wengi wetu huanzia chuo cha jamii, chuo cha miaka miwili kilicho karibu na nyumbani, na mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ada iko chini na ratiba humfaa mtu mwenye kazi na watoto. Lakini kumbuka kwamba masharti ya digrii yako yanapangwa na chuo utakachomalizia. Kwa hiyo, kabla ya muhula wa kwanza, andika vyuo viwili au vitatu unavyotamani kumalizia na fani unayotaka. Fani ikiwa bado haijakukaa sawasawa, andika mbili.

Fungua katalogi ya kila chuo, yaani orodha ya kozi na masharti ya digrii, kwenye tovuti yake, kisha gawa karatasi yako mafungu matatu: masomo ya jumla, masomo ya fani na yanayoitangulia, na kozi za hiari. Kozi yoyote isiyo na mahali katika mafungu mawili ya kwanza, iache kwanza. Fungu la hiari hujaa lenyewe, hata usipolishughulikia.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana watu wa ughaibuni. Kuhama kutoka chuo cha umma kwenda chuo cha umma ndani ya jimbo lile lile mara nyingi kunalindwa na sheria au makubaliano ya jimbo. Ukivuka mpaka wa jimbo, au ukienda chuo binafsi, ulinzi huo haukufuati: kila kozi inaangaliwa peke yake na chuo kipya kinaamua. Ndugu hutuita, kazi hutuita, na mtu hutoka Minneapolis kwenda Dallas katikati ya mwaka wa pili. Sina neno na hilo, familia ni familia. Ila kabla ya kukubali, pata hesabu ya krediti zitakazobaki bila kazi, ujue unalipa nini.

Hatua ya pili: kamilisha kifurushi cha jimbo lako

Majimbo mengi yana kifurushi cha masomo ya jumla ambacho ukikimaliza chote, vyuo vya umma vya jimbo hilo hukihesabu kama kitu kimoja, bila kuchambua kozi moja moja. Ukikiacha nusu, unarudi kuchambuliwa. Tofauti ya kukimaliza na kukikaribia inaweza kuwa kozi moja tu, na ndiyo maana nasisitiza: usihame ukiwa umebakiza kozi moja au mbili za kifurushi kama unaweza kuvumilia muhula mmoja.

Minnesota, penye jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki, ina Minnesota Transfer Curriculum. Ni krediti 40 zilizogawanywa katika malengo 10, kuanzia mawasiliano na fikra tunduizi hadi maadili ya uraia na mazingira. Kozi moja inaweza kutimiza malengo mawili, lakini krediti zake huhesabiwa mara moja tu. Kwa hiyo tafuta kozi za namna hiyo, kisha hakikisha jumla ya krediti nayo imefika 40. Ukimaliza, chuo cha umma cha Minnesota hakikudai tena masomo ya jumla ya miaka miwili ya kwanza. Wenye watoto sekondari huko wasikose kuuliza kuhusu PSEO, mpango uliopo tangu 1985 unaomruhusu mwanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kuchukua kozi za chuo bila kulipa ada. Kijana anaweza kumaliza sekondari akiwa na sehemu kubwa ya krediti hizo 40.

Texas ina kifurushi cha krediti 42: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi asilia 6, lugha, falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, sayansi ya jamii 3, na 6 za eneo ambalo kila chuo huchagua. Ukikamilisha, hakikisha transkripti yako, yaani karatasi rasmi ya matokeo, imeandikwa kwamba kifurushi kimekamilika, maana neno hilo ndilo linalokulinda. Texas pia ina namba za kozi za pamoja: ENGL 1301 ni uandishi, MATH 1314 ni aljebra, popote zilipofundishwa chini ya utaratibu huo. Anayeingia Texas kutoka jimbo jingine ajiandae kwa GOVT 2306, somo la serikali ya Texas. Kozi yako ya serikali ya Marekani haichukui nafasi yake, hata kama ulipata A. Na chunga kuacha kozi katikati: vyuo vya umma vya Texas vinamruhusu mwanafunzi aliyeanza chuo kuanzia 2007 kuacha kozi 6 tu katika shahada yake ya kwanza, na zile ulizoacha kwenye chuo cha jamii cha umma zimo kwenye hesabu.

California ilibadilisha mambo kwa wanaoanza muhula wa vuli wa 2025. Kabla ya hapo kulikuwa na njia mbili, moja ya CSU (California State University) peke yake na nyingine iliyofaa CSU na UC (University of California), mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Sasa iko moja, Cal-GETC, yenye krediti 34, na inafaa pande zote mbili. Kila kozi inataka C au zaidi. C yenye alama ya kutoa haitoshi. Ndani yake kuna mawasiliano ya mdomo na somo la historia na maisha ya makabila ya Marekani, mambo ambayo wageni huyasahau hadi mwisho. Aliyeanza kabla ya mabadiliko na hajakatisha masomo amuulize mshauri kama bado anaruhusiwa kumaliza kwa mpango wa zamani. Kwa uhandisi na sayansi ngumu katika UC, tanguliza hisabati na fizikia za fani. Ukijaza masomo ya jumla yote na kalkulasi hujaigusa, umepanga vibaya.

Ohio ina kifurushi chake kiitwacho Ohio Transfer 36, na Washington ina makubaliano ya krediti 90 za robo mwaka, sawa na 60 za mihula. Namna ya kufikiri ni ile ile.

Hatua ya tatu: angalia kozi moja moja kwenye mfumo wenyewe

California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha kozi ya chuo fulani cha jamii inalingana na ipi kule CSU au UC, kwa fani na kwa mwaka. Minnesota, Ohio na kwingineko hutumia Transferology, ambako unaingiza kozi ulizosoma na kuona kila chuo kitazifanya nini.

Jifunze kusoma majibu ya mifumo hii. Kozi ikilingana na namba kamili ya kozi ya kule unakokwenda, umepata. Ikilingana na idara tu bila namba, yaani "historia ya ngazi ya kwanza" au "biolojia ya hiari", usishangilie bado: uliza kama inatimiza sharti la jumla au imewekwa kwenye hiari. Ikiwa haionekani kabisa, pengine haijawahi kutathminiwa. Tuma silabasi, yaani muhtasari wa kozi, omba itathminiwe kabla hujalipia ada ya kozi hiyo.

Piga picha ya ukurasa au uhifadhi kama PDF yenye tarehe. Makubaliano hubadilika kila mwaka wa masomo.

Krediti hupotelea wapi

Kozi za maandalizi, zile za hisabati au uandishi zilizo chini ya ngazi ya chuo, hazihesabiki kwenye digrii. Kozi za Kiingereza kwa wageni mara nyingi huishia kwenye hiari au hazihesabiki kabisa. Wengi wetu huwekwa huko kutokana na mtihani wa kupima uwezo uliofanywa haraka siku ya kujisajili. Usiufanye ukiwa umetoka kazini. Omba muda wa kujiandaa, uliza kama kuna nafasi ya kurudia, uliza pia kama unaweza kuingizwa kozi ya chuo yenye msaada wa ziada. Muhula mzima unaweza kuokolewa hapo.

Kisha kuna aina ya digrii ya miaka miwili. AA (Associate of Arts) na AS (Associate of Science) zimeundwa kwa ajili ya kuhama. AAS (Associate of Applied Science) imeundwa ili umalize uingie kazini, na kozi zake nyingi za ufundi hazina pa kukaa kwenye shahada ya miaka minne isipokuwa pawe na mkataba maalumu kati ya vyuo viwili. Anayekushauri kwa haraka anaweza asikuambie hilo. Uliza.

Hisabati inastahili tahadhari yake. Takwimu inatosha kwa saikolojia na fani nyingi za jamii. Biashara mara nyingi inataka aljebra na kalkulasi ya biashara. Uhandisi unataka kalkulasi kamili. Ukichukua hisabati nyepesi kuliko inayotakiwa na fani, sharti la jumla litatimia lakini utarudi darasani kwa ajili ya fani. Sayansi nayo: sharti la maabara halitimizwi na kozi ya nadharia peke yake. Ikiwa maabara ni kozi tofauti ya krediti 1, zichukue zote mbili, na ikiwezekana chuo kile kile.

Uuguzi nautaja peke yake kwa sababu ndiyo ndoto ya nyumba nyingi za kwetu. Anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia huwekewa ukomo na programu nyingi, mara nyingi miaka 5 au 7. Aliyezisoma zamani akapumzika kulea watoto anaweza kutakiwa kuzirudia hata kama alipata A. Kama unajua utapumzika, maliza masomo ya jumla kwanza. Hayo kwa kawaida hayazeeki kwa kasi hiyo.

Alama ya D mara nyingi haihami. Alama za "kufaulu tu" bila herufi hukataliwa na baadhi ya programu. GPA yako ya zamani, yaani wastani wa alama zako, kwa kawaida haiingii kwenye hesabu ya chuo kipya, ingawa wanaiangalia kukudahili. Wala usifiche chuo ulichofeli: vyuo hutaka transkripti za kila mahali uliposoma, na kuficha kunaweza kukufukuzisha.

Mwisho wa orodha hii ni ithibati, yaani utambuzi rasmi wa ubora wa chuo. Baadhi ya vyuo vya mtandaoni hutangaza sana kwenye jamii za wahamiaji, mlango wao mwepesi na ada yao nzito. Kabla ya kujiunga, ulizia chuo cha umma cha jimbo lako kama kinapokea krediti zao. Jibu hilo lina thamani kuliko tangazo lolote.

Ukija na krediti kutoka nyumbani

Aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura akaja kabla ya kumaliza anaweza kuhamisha alichosoma. Vyuo vingi vitakutaka upeleke matokeo kwenye shirika la tathmini kama WES au ECE, ambayo ni wanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya tathmini. Chagua tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla, inayosema tu kwamba umefikia kiwango fulani, ni rahisi zaidi lakini haitakupatia krediti za somo hata moja. Chuo chako cha nyumbani kinatakiwa kutuma transkripti moja kwa moja kwa shirika, kwa hiyo anza kufuatilia kwa msajili mapema, na ukiwa na ndugu wa kuaminika karibu na chuo, mwombe afike ofisini. Karatasi za Kifaransa kutoka Lubumbashi au Goma zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Usishtuke krediti zako zikishuka. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Marekani krediti moja ya muhula ni takriban saa 45, na mwaka ni krediti 30. Kushuka kutoka 120 hadi karibu 30 ni hesabu ya kawaida, hujaibiwa.

Tafuta silabasi za kozi zako kabla ya kusafiri. Sheria ya mikataba ya Tanzania haitaingia kwenye masomo ya jumla, ila takwimu, saikolojia, uchumi, kemia na falsafa zinaweza kuingia kama unaonyesha mada zilizofundishwa, vitabu, saa za maabara na namna ulivyopimwa. Wenye matokeo ya Kidato cha Sita waulize kuhusu krediti za masomo hayo pia. Baadhi ya vyuo huyatazama.

Na Kiswahili chenyewe ni mali. Chuo chenye sharti la lugha ya kigeni kinaweza kukusamehe sharti hilo au kukupa krediti kupitia mtihani. Kiswahili hakimo kwenye mitihani ya CLEP, ile ya kupata krediti bila kusoma kozi, lakini kimo kwenye mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni Marekani. Uliza kwanza kama chuo chako kinaukubali na kama kitakupa krediti au msamaha tu.

Hatua ya nne: tuma transkripti, kisha isome tathmini kwa kalamu mkononi

Tuma transkripti rasmi wakati wa kuomba nafasi, kisha tuma tena baada ya alama za muhula wa mwisho kuingia. Hii ya pili husahaulika, na kozi zako za mwisho zinabaki zimeandikwa kama zinaendelea. Lipa madeni madogo ya maktaba na maegesho mapema, kwa sababu yapo majimbo ambako deni bado linaweza kuzuia karatasi. California ilipiga marufuku jambo hilo tangu 2020.

Kama unahama kati ya mfumo wa robo mwaka na wa mihula, kama wanavyofanya wengi wanaoingia au kutoka University of Washington, zidisha krediti za robo kwa mbili, ugawe kwa tatu. Krediti 90 zinakuwa 60. Kozi ya krediti 4 inakuwa 2.67, na kama sharti linataka 3, uliza mapema pengo hilo linazibwaje.

Tathmini ikirudi, iweke kando ya karatasi yako ya mafungu matatu. Kila kozi iliyoangukia hiari wakati ulitarajia sharti la jumla, iwekee alama. Hapo ndipo pa kukata rufaa, na rufaa si ugomvi wala utovu wa adabu. Sisi tumelelewa kutomrudia mkubwa akishasema, ila ofisi hizi zimeweka fomu kwa sababu zinatarajia uulize. Andika barua pepe fupi: namba ya kozi, chuo, muhula, alama, kozi unayoamini inalingana nayo, na sharti unaloomba itimize. Ambatisha silabasi. Kwa kozi ya fani, rufaa huenda kwa idara. Kwa masomo ya jumla, kwa ofisi ya msajili au ya uhamisho. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, fuatilia.

Visa, misaada na mipaka ya mwisho

Mwenye visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuacha chuo cha kwanza, kwa sababu rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inapaswa kuachiliwa kwenda chuo kipya na masomo yaanze ndani ya miezi 5. Anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 kila muhula, na kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, ndiyo huhesabiwa ndani ya hizo. Kuokoteza kozi ya chuo kingine mtandaoni ili kujaza masomo ya jumla bila kuwauliza ni hatari kubwa kuliko krediti zenyewe.

Wenye uraia au kadi ya kijani waongeze chuo kipya kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwani msaada hauhami wenyewe. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, ina kikomo cha mihula 12 ya masomo kamili maishani, na krediti zilizopokelewa huingia kwenye hesabu ya muda unaoruhusiwa kumaliza digrii. Ndiyo sababu krediti zisizotimiza lolote si zawadi.

Kumbuka pia kwamba chuo cha miaka minne huweka ukomo wa krediti za chuo cha jamii, mara nyingi kati ya 60 na 70, na hutaka sehemu ya digrii, kwa kawaida krediti 30, isomwe kwao. Ukishafika huko, kaa na programu ya ukaguzi wa digrii kila muhula, uione kozi inavyohama kutoka "inadaiwa" hadi "imetimizwa".

Na kama ulihama kabla ya kupata AA, uliza kuhusu kurudisha krediti nyuma. Vyuo vingi vya umma vinaweza kutuma krediti ulizopata baadaye kwenye chuo cha jamii ulikotoka, ukatunukiwa digrii ya miaka miwili huku ukiendelea na ile kubwa. Ombi ni fomu moja, na mara nyingi hakuna ada.